Ngao Mapajani mwa Shangazi

Muhula wa nne wa mwaka ule, Shule ya Wasichana ya Siale ilishinda karibu kila kitu kilichoshindaniwa hapa kisiwani Tongatapu, nami nilishinda nikifua. Mimi ni mama wa bweni. Watu wakiona wasichana wamebeba kikombe cha netiboli hupiga makofi, hawajiulizi ni nani aliyetoa tope kwenye zile sketi. Ni mimi, Ilaisaane. Wasichana wananiita Mama Saane nikiwa mbele yao, na nikigeuka wana jina jingine ambalo nalijua vizuri sana.

Basi netiboli tulichukua. Mdahalo tukachukua pia, kwa hoja kwamba mwanamume asiyejua kupika ni mzigo kwa taifa, na mwamuzi, mwanamume mwenye tumbo lake, alicheka hadi akasahau kuangalia saa. Kidato cha pili walikwenda kupanda mikoko wakarudi wamepoteza viatu kumi na kimoja, vyote vya mguu wa kushoto, jambo ambalo hadi leo sijapewa maelezo. Kidato cha nne walisuka mkeka ambao ilibidi wautoe darasani kwa kung'oa mlango. Hata Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Loupua, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alionekana akitembea huku anavuma wimbo puani.

Halafu ikaja Jumamosi ya bendi. Kwenye uwanja mkuu mjini Nuku'alofa, bendi yetu ya matarumbeta ilishinda Ngao ya Bendi. Miaka kumi na tisa ngao hiyo ilikuwa ikizunguka kwenye shule za wavulana tu. Wasichana hawana pumzi, walikuwa wakisema. Pelenaise wetu wa kidato cha sita, kiongozi wa bendi, alisimama mbele ya wenzake thelathini na sita akapuliza tarumbeta yake mpaka mzee aliyekaa mbele yangu akavua kofia. Nililia. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, na sioni haya kusema.

Ngao yenyewe ni ubao mzito uliochongwa umbo la kasa, umejaa vibati vya shaba vyenye majina ya washindi. Kiongozi wa bendi iliyoshinda anatia saini na kukabidhiwa. Kisha, siku ya zawadi ya shule yake, kamati ya mashindano inafika na kibati kipya chenye jina la shule na kukipigilia mbele ya watu wote. Siku yetu ilikuwa Ijumaa iliyofuata. Ngao isipoonekana siku hiyo, kibati hakipigiliwi, na ushindi unahamia kwa waliokuwa wa pili. Karatasi aliyotia saini Pelenaise ilisema hivyo waziwazi. Wa pili walikuwa wavulana wa ng'ambo ya barabara, ambao tangu Jumamosi walikuwa wamenuna kama watu waliomezeshwa dawa.

Pelenaise aliruhusiwa kwenda na ngao kwao siku ya Jumapili, kanisa la kijiji chake liione. Jumatatu asubuhi akarudi mikono mitupu.

"Ngao iko wapi?" nikamuuliza. Nilikuwa naanika mashuka.

"Iko kwa shangazi."

"Inafanya nini kwa shangazi?"

"Ameichukua, Mama Saane."

Shuka likanidondoka kwenye matope, na sikuliokota.

Kwetu dada mkubwa wa baba si mtu wa mchezo. Kwenye msiba anakaa upande wa kichwa cha maiti. Kwenye harusi mkeka mzuri kuliko yote ni wake. Akipenda kitu nyumbani kwa kaka yake, anakichukua, na kaka yake anamshukuru kwa kukipenda. Hakuna anayeomba kirudishwe. Afadhali umfuate mchungaji umwombe akurudishie sadaka.

Pelenaise akanisimulia huku anapangusa machozi kwa mkono wa sare. Walikuwa wametoka kanisani, chakula kimetolewa kwenye shimo la kuokea, viazi vikuu vinafuka moshi, ngao imesimamishwa ukutani na shada la maua shingoni. Shangazi Kalolaine akaingia bila kubisha hodi, maana kwa kaka yake habishi. Akaketi mahali pake, juu kabisa. Akala. Hakusema neno hata moja, na hilo peke yake liliwatisha, kwa sababu Shangazi Kalolaine huwa anaongea tangu anaposhuka garini mpaka anapopanda tena. Alipomaliza akanawa, akaitazama ngao, akasema, "Hiki kizuri. Kitanifaa."

"Na baba yako?"

"Baba aliinuka akaifunga kwenye mkeka. Akaniambia, 'Mpelekee shangazi yako mpaka garini.'"

"Nawe ukampelekea."

"Ningefanyaje, Mama Saane?"

Kweli, angefanyaje? Mwenye nguvu mpishe. Nikamshika mkono tukaenda ofisini.

Nilidhani Mwalimu Loupua atapasuka. Amesoma nchi za nje, Dunedin, ana vyeti ukutani mpaka karibu na dari, nikafikiri atapiga simu polisi. Alivua miwani tu, akaifuta, akaivaa tena.

"Shangazi yangu mimi alichukua friji," akasema. "Likiwa na nyama ndani."

"Sasa tutafanyaje, Mwalimu?" Pelenaise akauliza.

"Sijui. Kumwomba hatuwezi. Na wewe usithubutu. Ukimwomba, baba yako hatainua uso kijijini mpaka anakufa." Akatazama kalenda. "Lakini Ijumaa, mwanangu, nisipoiona ile ngao mezani, nitawaambia nini hawa wasichana? Na wale wa ng'ambo ya barabara watatucheka. Watasema wasichana walipewa ngao, ikawashinda kuitunza siku mbili."

Pelenaise akainamisha kichwa. Ni msichana asiyelalamika. Tangu kidato cha kwanza amekuwa akiamka kabla ya kengele kufanya mazoezi nyuma ya jiko langu, ili asiwaudhi wenzake, akaniudhi mimi peke yangu miaka sita. Kila noti ya tarumbeta ile naijua kwa maumivu ya kichwa. Nilipomwona pale ameinama niliona uchungu hasa, uchungu wa kutaka kumpiga mtu, ila sikujua nimpige nani.

Jumanne baba yake, Mosese, akajaribu njia yake. Kumwomba dada yake ngao hakuweza, ila kumpelekea zawadi aliweza, akatumaini zawadi itafungua mlango wa mazungumzo. Akampelekea nguruwe mzima wa kuchoma, ngozi inameta. Jioni akapita shuleni, akasimama getini ameshika kofia.

"Amepokea?" nikamuuliza.

"Amepokea."

"Akasemaje?"

"Akasema nguruwe ameungua mkia."

"Na ngao?"

"Ipo. Ameitundika juu ya redio. Nimeiona kwa macho yangu."

"Kwa hiyo sasa ana ngao na nguruwe."

"Na sinia," akasema Mosese. "Sinia nalo amelipenda."

Ningecheka kama isingekuwa siku zenyewe zinakimbia. Jumatano wasichana wa bendi wakaanza kunong'ona jikoni, mmoja akisema tumwibie usiku, mwingine akisema tuchonge nyingine. Niliwafukuza wote kwa mwiko. Kuiba kwa shangazi! Hata wezi wa Tonga wana shangazi zao.

Alhamisi asubuhi nilikuwa napiga pasi sare za bendi, Pelenaise ananikunjia, na wazo likanijia. Sijui lilitoka wapi, pengine kwenye mvuke.

"Pelenaise, siku ile uwanjani, mama yako alikaa wapi?"

"Karibu na wewe, Mama Saane. Mlijifunika mwavuli mmoja."

"Na baba yako?"

"Nyuma ya mama."

"Na shangazi yako alikaa wapi?"

Akaacha kukunja. "Shangazi hakuwepo."

"Alialikwa na nani?"

"Baba alisema ni mambo ya shule tu. Alisema shangazi anachoshwa na jua. Alisema tukimwita kwa ajili ya matarumbeta atatuona wapuuzi."

Nikaweka pasi chini. Ee Mungu, watu wa kisiwa hiki tuna akili za kuku! Mtoto akitimiza mwaka mmoja tunamwita shangazi. Akibatizwa, shangazi. Mtoto huyohuyo akisimama mbele ya kisiwa kizima, apulize tarumbeta mpaka wazee wavue kofia, tunasema hayo ni mambo ya shule, shangazi akae nyumbani apumzike. Siku kubwa kuliko zote za yule msichana, na kiti cha juu hakikuwa na mtu. Kumbe yule mama hakuchukua ngao kwa tamaa. Alichukua kwa sababu alikuwa amenyimwa chake.

"Hutamwomba ngao," nikamwambia. "Utakwenda leo kumwalika kwenye sherehe ya kesho. Ngao usiitaje. Hata ikikuangukia kichwani, usiitaje."

Akaenda jioni ile, amevaa mkeka wake wa kiunoni, ule tunaojifunga juu ya nguo kwa heshima, amebeba shada la maua lililotungwa na bendi nzima. Kijiji cha Haloto, anakoishi Shangazi, hakiko mbali, robo saa kwa mguu. Alirudi jua halijazama.

"Alinipokea dirishani," akasema.

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia, 'Shangazi, kesho ni siku yangu, na kiti chako kipo mbele.' Akaniangalia sana. Akasema, 'Nitaona.'"

"Basi?"

"Basi. Akafunga dirisha."

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wachungaji mstari wa mbele, kamati ya mashindano pembeni, wazazi wanajipepea, watoto wanalia, pishi la wageni linanukia tui la nazi. Mbele kabisa, katikati, niliweka kiti cha Mwalimu Mkuu mwenyewe, nikakitandika kitambaa cha magome ya mti na juu yake mkeka mwororo. Hakikukaliwa na mtu. Meza iliyokuwa kando yake ilikuwa tupu vilevile.

Zawadi zikatolewa. Netiboli, makofi. Mdahalo, makofi na vicheko. Ushonaji, hesabu, mikoko. Kila jina likiitwa Pelenaise alikuwa anatazama mlango, na mimi namtazama yeye, na Mwalimu Loupua anatutazama wote wawili. Mwishowe akainuka Bwana Kitione wa kamati, mtu mwembamba aliyevaa tai, nyundo mkono mmoja, kibati mkono wa pili.

"Sasa," akasema, akatafuta mezani. "Ngao iko wapi?"

Nje, juu ya ukuta, wale wavulana wa ng'ambo walikuwa wamekaa kama kunguru. Kiongozi wa bendi ndiye aliyetia saini, kwa hiyo macho yote yakamwendea Pelenaise.

Akasimama. Akasema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia, "Iko njiani, bwana. Tunakwenda kuipokea." Kisha akapuliza firimbi.

Bendi ikainuka. Thelathini na saba, ngoma kubwa na yote, wakapanga mistari palepale kati ya viti, wakatoka mlangoni wanapiga. Bwana Kitione alibaki ameinua nyundo. Mimi nilivua ndala nikazishika mkononi nikakimbia nyuma yao. Mwili huu haukuumbwa kwa kukimbia, lakini ulikimbia.

Barabara ya Haloto haijapata kuona kitu kama kile. Nguruwe walitawanyika, mbwa walijiunga, watu walitoka majumbani na vijiko mkononi. Pelenaise alikuwa mbele, hatazami nyuma, na shingo imemtoka mishipa. Nikajisemea, kama yule mama amekwenda shamba leo, tumekwisha.

Hakuwa shamba. Shangazi Kalolaine alikuwa amekaa barazani kwake, amevaa nguo nyeusi ya kanisani, mkeka wa zamani wa ukoo kiunoni, nywele zimepakwa mafuta zinang'aa, na shada letu la maua shingoni. Mapajani alikuwa ameshika kitu kimefungwa vizuri. Bendi ikanyamaza. Pelenaise akapiga goti.

"Mmechelewa," Shangazi akasema. "Nimevaa tangu alfajiri. Maua yenyewe yananyauka."

"Shangazi, nilikualika. Nilidhani..."

"Ulinialika, ndiyo. Ukaniambia kiti kipo. Nani kasema mtu mzima anakwenda mwenyewe kama anayekwenda sokoni? Mtu anachukuliwa nyumbani kwake."

"Nisamehe, Shangazi."

Yule mama akageuza uso. Midomo ilikuwa inamchezacheza. "Nilisikia kwenye redio," akasema. "Nilikuwa namenya magimbi. Redio ikasema Siale wameshinda, kiongozi wao Pelenaise binti Mosese. Nikasimama na kisu mkononi. Mtoto wa kaka yangu. Nikasikia kwenye redio kama mtu baki."

Hapo hata ngoma kubwa ililia. Nasema Siutiti, msichana anayeipiga, mwili kama kabati, alilia kwa sauti. Pelenaise akatambaa mpaka miguuni pa shangazi yake, akaegemeza paji la uso kwenye kile kitu kilichofungwa, akasema, "Haitatokea tena. Haki ya Mungu haitatokea tena."

"Haya inuka, utalowesha ubao," akasema Shangazi. "Na nyie pigeni basi! Mnataka nitembee kimyakimya kama mwizi?"

Tukarudi naye mbele kabisa, ngao kifuani, anatembea polepole kama malkia, na bendi ililazimika kupunguza mwendo mpaka ule wimbo wa gwaride ukawa karibu wimbo wa kanisani. Alipoingia ukumbini watu wote wakasimama. Akaketi kwenye kiti chake, akafungua mkeka, na kasa wa mbao akaonekana mapajani mwake. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Wale wavulana ukutani nao walishangilia, nadhani walijisahau.

Bwana Kitione akasogea na nyundo yake. "Mama, tafadhali uiweke mezani tupigilie."

"Piga hapahapa."

"Mama, ni misumari."

"Naijua misumari. Piga polepole, kijana, haya ni mapaja ya mtu."

Akapiga magoti, maskini, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai, akagonga misumari minne midogo kwenye ngao iliyopakatwa na Shangazi Kalolaine, na kila akigonga mama yule alikuwa anasema "Mh!" na ukumbi mzima unajibu "Mh!" Siale. Jina letu. La kwanza la wasichana kwenye ubao ule.

Mwalimu Loupua akaomba bendi ipige wimbo mmoja wa furaha, na Pelenaise akapanda jukwaani peke yake kupuliza. Katikati ya wimbo nikamwona Shangazi anampa mchungaji ngao aishike, akainuka. Akaenda nyuma ya Pelenaise akaanza kuruka. Anajigongagonga mapaja, anatoa macho, anapepesuka kushoto na kulia kama bata aliyelewa. Kwetu mtu hujifanya mjinga namna hiyo nyuma ya anayetukuzwa, ili uzuri wa yule wa mbele uonekane zaidi; lakini ni kazi ya wadogo, wajomba na marafiki. Mkubwa wa ukoo haifanyi. Watu walicheka mpaka wakashikana, kisha nikaona wengine wameacha kucheka, wameweka mikono midomoni, maana walikuwa wameelewa wanachokiona. Mosese kule nyuma alikuwa anabubujikwa na machozi bila hata kujificha. Mcheza kwao hutunzwa, na yule msichana siku ile alitunzwa.

Wimbo ulipokwisha, Shangazi alikuwa anahema. Akamshika Pelenaise bega amgeuze. Halafu akapeleka mikono kiunoni mwake, akafungua fundo la ule mkeka wa zamani, laini kama kitambaa, uliofumwa na bibi wa bibi yake, akamzungushia Pelenaise juu ya sare ya bendi na kuufunga kwa nguvu. Miaka yote niliyoishi nimeona shangazi wakipokea. Sikuwahi kuona shangazi akitoa.

"Shangazi, siwezi," Pelenaise akanong'ona.

"Nani kakuuliza kama unaweza? Kaa wima. Mwakani mwambie baba yako alete gari, miguu inaniuma."

Akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu na wachungaji wao wote, akatoka kwenda kwake kiuno hakina mkeka, mama wa heshima vile, na kila aliyekuwa kwenye njia yake aliketi chini kwa heshima kumpisha.